Kigiriki Hakikunyang'anyi Ubatizo Wako

Nimeulizwa tena. Safari hii ni Nakapanya, mkoani Ruvuma, kwenye barabara ya Masasi kwenda Tunduru, chini ya mkorosho, na aliyeuliza ni kijana mwenye shida ya kweli. "Shikamoo, mwalimu. Eti neno ubatizo kwa Kigiriki maana yake ni kuzamisha?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia ndiyo, karibu na hapo. Akainamisha kichwa. "Basi mimi sijabatizwa."

Hapo ndipo subira yangu huisha. Haiishi kwa kijana. Inaishia kwa waliomfundisha hesabu hiyo. Nimefundisha Kigiriki cha Agano Jipya kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali hili limenifuata misibani, kwenye vikao vya harusi na ndani ya mabasi. Kila linapokuja limeshabeba hukumu yake: neno lina asili, asili ni kuzamisha, wewe ulimwagiwa maji kichwani ukiwa mchanga, kwa hiyo hukubatizwa. Hatua tatu tu, mtu ametolewa kanisani pamoja na wazazi wake waliompeleka.

Kijana huyu anataka kuoa. Mchumba wake anasali kwenye kanisa la maji mengi, yeye amelelewa kwenye kanisa la maji machache, na mhubiri wa upande wa pili amemwonyesha simu: programu ya Biblia yenye kamusi, neno baptizo, namba 907, na maana yake chini. Mama yake alikuwa amekaa nasi. Hakutia neno. Aliingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni, akatoa cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika, imeshikizwa kwa selotepu iliyokwisha kuwa ya manjano. Akakiweka juu ya kigoda mbele yangu, akakilaza kwa viganja viwili kama mtu anayenyoosha kitambaa. Alitaka nimwambie kama karatasi ile ni ya kutupwa.

Kwa hiyo nitajibu hapa kwa urefu, ili yeyote atakayeonyeshwa namba 907 apate la kusema.

Kwanza nikubali lililo kweli. Baptizo limezaliwa na bapto, kitenzi cha Kigiriki cha jikoni na cha watia rangi: kuchovya tonge, kuchovya nguo ndani ya pipa la rangi. Baptizo ni nduguye mzito zaidi: kutumbukiza, kuzamisha, kufunika kwa maji. Wakristo wa kwanza walishuka majini, mara nyingi mtoni. Anayekuambia kuwa baptizo maana yake ni kunyunyiza naye anakupotosha, kwa sababu Kigiriki kina kitenzi kingine cha kunyunyiza na si hicho. Mpaka hapo mhubiri mwenye simu yuko sahihi. Kosa linaanza anapoichukua asili ya neno na kuifanya hakimu wa tendo.

Wanaoitumia hoja hii huishia katikati ya njia. Tuifuate mpaka mwisho. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1, anasimulia kifo cha Aristobulo, kuhani mkuu kijana, kwenye bwawa la kuogelea huko Yeriko mwaka 35 kabla ya Kristo. Ilikuwa siku ya joto. Watu wa Herode waliingia majini pamoja naye, na giza lilipoanza kutanda wakawa wanamkandamiza chini ya maji kana kwamba ni mchezo, wasimwachie mpaka pumzi ikamwisha. Kitenzi anachotumia Josephus kwa kitendo cha wauaji wale ni baptizo. Kitenzi hicho hicho Wagiriki walikitumia kwa merikebu inayokwenda chini na watu wake. Ndani yake hamna habari ya kuinuliwa. Hata kwetu, tunaposema MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, hakuna asiyejua tunasema nini.

Sasa mhubiri anayemzamisha mwumini kisha akamwinua, akamfuta uso, akamkumbatia, amefanya jambo ambalo asili ya neno haikumwamuru. Kuinuka kule amekupata wapi? Amekupata kwa Paulo, katika Warumi sura ya 6, penye mafundisho ya kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo. Amekupata katika imani ya kanisa, na ni chanzo kizuri. Ila akubali kwamba yeye mwenyewe haongozwi na kamusi peke yake, na asimnyime mwenzake ruhusa anayojipa.

Tena kitenzi hiki hakikukaa majini tu. Katika Karamu, kitabu cha Plato, miaka kama mia nne kabla ya Yohana kusimama mtoni Yordani, mmoja wa wageni anasema kwamba jana yake naye alikuwa mmoja wa waliobatizwa, yaani waliozidiwa na pombe. Nabii Isaya, katika tafsiri ya kale ya Kigiriki, sura ya 21, anabatizwa na uovu: umemfunika. Yesu mwenyewe, katika Marko 10, anauita msalaba wake ubatizo. Neno linaloweza kubeba bwawa, ulevi na mateso halikukaa likingojea kupimwa kina cha maji kwa rula.

Lakini haya yote ni ya Wagiriki. Msomaji wa kawaida ana Biblia yake ya Kiswahili mezani, na ushahidi umo humo humo. Fungua 2 Wafalme 5:14. Naamani anashuka Yordani na kujichovya mara saba. Katika tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale kitenzi ni baptizo. Fungua Luka 11:38. Farisayo anashangaa kwamba mgeni wake hakunawa kabla ya chakula. Kitenzi ni baptizo. Fungua Marko 7:4, penye desturi za kuosha vikombe na vyombo vya shaba. Neno ni la ukoo huo huo. Watafsiri wetu walikutana na neno lile lile, wakaandika chovya, wakaandika nawa, wakaandika osha, na penye Yohana na mitume wakaandika batiza. Hawakuwa wazembe. Waliangalia kila mahali neno linafanya kazi gani. Mtu anayenawa mikono kabla ya kula hazamishwi mpaka utosini, na Mgiriki aliyesoma Luka alilijua hilo bila kufundishwa.

Kisha 1 Wakorintho 10:2. Paulo anasema baba zetu wote walibatizwa wawe wa Musa katika wingu na katika bahari. Soma Kutoka sura ya 14 uone ni nani aliyelowa siku ile. Waisraeli walipita pakavu. Waliozama ni wapanda farasi wa Farao. Kama asili ya neno ndiyo inayoamua, waliobatizwa siku ile ni Wamisri. Paulo anasema kinyume kabisa, na Kigiriki kilikuwa lugha yake ya kila siku. Vivyo hivyo kwa Roho Mtakatifu: Matendo 1:5 inaahidi kwamba mitume watabatizwa kwa Roho, na siku ilipofika Petro, katika sura ya 2, analieleza jambo hilo hilo kwa neno la kumwagwa. Kwake hapakuwa na ugomvi wowote kati ya maneno hayo mawili.

Kuna ushahidi mmoja zaidi, nao ndio ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 1873 mwanazuoni wa Kigiriki aitwaye Philotheos Bryennios aliona katika maktaba moja ya Konstantinopoli hati ya zamani iliyobeba kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, akakichapisha mwaka 1883. Wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, wakati ambapo waliowasikia mitume kwa masikio yao walikuwa hawajaisha wote. Sura yake ya 7 inaeleza namna ya kubatiza. Tumia maji yanayotiririka, kinasema. Kama huna, tumia maji mengine. Kama maji baridi hayapatikani, hata ya vuguvugu. Na kama huna ya kutosha, mimina maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Anayeijua Nakapanya ya mwezi wa Oktoba, ndoo zimepangwa kisimani tangu alfajiri na zamu haijafika, ataielewa sura hiyo upesi kuliko profesa wa Ulaya. Huenda walioiandika nao waliijua shida ya maji. Lakini angalia hasa lugha yao: walikuwa Wagiriki wa lugha, baptizo lilikuwa mdomoni mwao kama osha lilivyo mdomoni mwako, na kumimina mara tatu kichwani wakakuweka ndani ya sura ya kubatiza. Hawakukuita nusu ubatizo, wala hawakumwambia mtu arudi masika mito ikijaa. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kutuambia neno lao linaruhusu nini, ni hao.

Na Wagiriki wa leo? Kanisa la Kiorthodoksi, ambalo huombea na kusomea Kigiriki mpaka sasa na lina jimbo lenye makao Dar es Salaam, huzamisha mara tatu. Mwenye hoja ya maji mengi akisikia hivyo hufurahi. Asubiri kidogo: wanaozamishwa hivyo ni watoto wachanga. Anayemwita Mgiriki mahakamani kuwa shahidi wa kuzamisha lazima amsikilize mpaka mwisho, na ushahidi wote ukisikilizwa hautamsaidia kumkataa aliyebatizwa akiwa mchanga.

Tatizo lenyewe ni kubwa kuliko ubatizo. Ni imani kwamba neno hubeba mzizi wake moyoni milele, na anayeujua mzizi ndiye anayejua maana ya kweli, wengine wote wanakosea bila kujua. Si hivyo lugha inavyofanya kazi. Chukua gereza. Neno hili tulilipata kwa Wareno, kwao ni igreja, yaani kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, ngome ikafungiwa watu, na leo gereza ni gereza. Hakimu anapompeleka mtu gerezani hampeleki kusali, na hakuna wakili wa kukata rufaa kwa kamusi ya Kireno. Waarabu Wakristo huita ubatizo maamudia, neno walilolipokea kutoka Kisiria. Herufi zake tatu za mzizi, kwa Kiarabu, ndizo zinazozaa neno la nguzo. Hakuna Mwarabu anayedai kwamba abatizwaye asimamishwe wima kama nguzo. Wajerumani husema taufen, neno la ukoo mmoja na lile lao la kina kirefu. Na wamisionari Wajerumani, wakiwamo Wabenedikto waliofungua Peramiho mwaka 1898, walibatiza kwa kumimina maji kichwani huku wakiuita Taufe bila kusita. Wahabeshi wana Timkat kila mwezi wa Januari, neno lenye mzizi wa kuzamisha, na siku hiyo makuhani huwanyunyizia maji maelfu ya waumini waliofurika.

Wakongo ndio wanaonifundisha zaidi. Mfalme wao Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, na kwa karne zilizofuata watu wa ufalme ule waliuita ubatizo dia mungwa, kula chumvi. Sababu ni kwamba padri, kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki wa zamani, aliweka chumvi kidogo ulimini mwa abatizwaye. Katika ibada yote ile, maji, mafuta, mshumaa na jina, kilichobaki kwenye ulimi wa watu ni ladha ya chumvi, wakalipa tendo zima jina hilo. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Kwao aliyekula chumvi ni Mkristo. Sasa atokee mtu leo awaambie kwamba kwa asili ya neno lao maji hayakuwa ya lazima. Watamwambia anacheza na lugha. Na sisi tuwe na ujasiri wa kusema hivyo hivyo.

Kuna dai dogo linalotembea pamoja na hili, nalo nilimalize: kwamba watafsiri waliogopa, wakaacha neno la Kigiriki bila kulitafsiri ili ukweli wa kuzamisha ufichike, na kwamba ndiyo maana tunasema ubatizo badala ya uzamisho. Hapakuwa na siri. Wakristo wa Kilatini walilichukua neno la Kigiriki lilivyo, na Jerome akalitumia katika tafsiri yake mwishoni mwa karne ya 4. Waingereza walikuwa nalo kwa karne kadhaa kabla ya Biblia ya Mfalme James ya 1611. Suala la kutafsiri au kukopa lilipigiwa kelele hadharani katika karne ya 19. Wabaptisti wa Serampore nchini India, kazi iliyoanzishwa na William Carey, walitumia neno la Kibengali la kuzamisha. Chama cha Biblia cha Uingereza kikakataa kugharimia uchapaji, na mwaka 1840 Wabaptisti wakaunda chama chao cha tafsiri. Marekani ugomvi huo huo uliwatenganisha Wabaptisti na wenzao mwaka 1836. Chama kilichohudumia makanisa mengi kilitaka neno ambalo hakuna kanisa moja litakaloligeuza fimbo ya kumpigia jirani. Waliona mbali. Biblia ya Kiunguja ya 1891 na tafsiri ya Muungano ya 1952 zote zimesomwa na watu wa maji mengi na wa maji machache, kitabu kimoja, bila mtu kurarua ukurasa.

Ndivyo batiza lilivyotufikia: Kigiriki, Kilatini, lugha za Ulaya, kisha pwani. Herufi p ilidondoka njiani. Wafaransa na Wareno walikuwa wamekwisha kuinyamazisha katika matamshi yao, na Kiswahili nacho hakipendi konsonanti hizo mbili zikibanana. Washona na Wazulu hawakuiacha; waliigeuza, wakapata bhabhatidza na bhabhadisa. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kwa Kichewa, ni ubatizo kama kwetu. Mwisho wa neno ulikuwa umekaa kienyeji tayari, unasikika kama pendeza na ongeza, kwa hiyo lilipoingia likanyambuka bila taabu: batizwa, batizia, mbatizaji, na ubatizo kama uamsho ulivyotoka kwa amsha. Mtoto mmoja wa darasa la kipaimara aliwahi kuniuliza kama kubatiza kumetokana na bata, kwa kuwa bata hutumbukiza kichwa majini. Nilimpongeza. Alikuwa ameisikia ile -iza, akatafuta shina, kama mtaalamu anavyotakiwa kufanya. Shina halikuwepo, neno liliingia zima. Lakini bata wake angalau huinuka.

Kipaimara chenyewe kinaonyesha kwamba wazee hawa walijua kuunda neno walipotaka. Ki-pa-imara: kinachompa mtu uimara. Limeundwa hapa hapa, kwa udongo wa hapa. Kwa ubatizo walichagua kukopa, na ulikuwa uamuzi wenye sababu.

Na baada ya kukopa, Waswahili wakalifanya lao. Sikiliza linavyotumika. Gazeti likiandika kwamba mshambuliaji amebatizwa jina fulani na mashabiki, hakuna tone la maji. Tunasema jina la ubatizo, baba wa ubatizo, mama wa ubatizo. Katika Kiswahili neno hili limeegemea kwenye jina, kwenye mtu kuitwa upya na kuingizwa katika watu wapya. Kwa Wayao na Wamakua wa ukanda huu hilo halikuwa geni, kwa sababu kijana aliyetoka jandoni alitoka na jina jipya na ndugu wapya. Upande wa Masasi, ambako askofu Mwanglikana Edward Steere alilifikisha kundi la waliokombolewa utumwani mwaka 1876, Askofu Vincent Lucas alikuja kuandaa jando la Kikristo kabisa. Mtu akiniuliza ubatizo maana yake nini, na amekusudia neno la Kiswahili, nitamjibu hivi: ni tendo la maji ambalo kwalo kanisa humpokea mtu kwa Kristo na kumwita kwa jina. Hiyo ndiyo maana. Kuzamisha ni historia ya neno, na historia ni kitu kizuri, nimeitumikia maisha yangu yote.

Ndugu zangu wa maji mengi wasinielewe vibaya. Siwaambii wamwage kisima chao. Wana hoja nzito: Filipo na towashi walishuka wote wawili majini, Yohana alichagua Ainoni kwa sababu palikuwa na maji tele, na Warumi 6 inasomeka kwa uzito wa pekee mtu anapotoweka chini ya maji mbele ya macho yako. Wana swali la haki kabisa kuhusu imani ya mtoto mchanga, swali ambalo wataalamu wakubwa wamelijadili kwa heshima. Hayo wayahubiri kwa nguvu zao zote. Ninachowaomba ni kuweka chini namba 907. Aliyeitunga orodha ile ya namba, James Strong, alikuwa Mmethodisti, wa kanisa linalobatiza wachanga na kuwamiminia au kuwanyunyizia maji. Aliijua maana ya neno baptizo kuliko sisi sote, na hakuona kwamba inalibatilisha kanisa lake.

Sasa mtu afanye nini? Haraka haraka. Ukihama kati ya Katoliki, Anglikana, Walutheri na Wamoravian, ubatizo wa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kwa kawaida hautarudiwa; peleka cheti. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 854, inataja kuzamisha na kumimina, vyote viwili. Kama kuna shaka ya kweli kwamba ubatizo ulifanyika, huko wana ubatizo wa sharti. Shaka ya kamusi haihesabiki. Cheti kimepotea? Nenda parokia au usharika ulikobatizwa, waombe wafungue kitabu cha ubatizo, nenda na mwaka na jina la msimamizi. Kitabu nacho kikiwa kimeungua au kuliwa na mchwa, tafuta aliyeshuhudia. Ukitaka kujiunga na Wabaptisti, Wapentekoste au Wasabato, watakutaka uzamishwe kwa ungamo lako mwenyewe, na kama uliwahi kuzamishwa ukiwa mwumini, uliza kama watakupokea kwa ungamo peke yake. Uamuzi huo ni wako, ufanye ukiwa umeshawishika, usiufanye kwa sababu ya harusi. Wachumba wa makanisa mawili waende kwa viongozi wote wawili mapema, kabla ya kadi kuchapishwa, waulize kinachotakiwa kwa maandishi. Mtoto mchanga akiwa mahututi na wazazi wanataka abatizwe, kwa makanisa yanayobatiza wachanga Mkristo yeyote anaweza kummiminia maji na kutamka maneno yale, kisha kanisa lijulishwe. Na kiongozi anayetafuta maneno ya kuzungumza na mwenzake wa kanisa jingine asome hati ya Lima ya 1982 juu ya ubatizo, ekaristi na huduma. Ni fupi, na inasema wazi kwamba ubatizo haurudiwi.

Kijana nilimwambia haya yote, kwa maneno machache kuliko hapa, na mchumba wake akiwa amekuja tukiwa katikati ya mazungumzo. Wataamua wao. Kijana aliuliza maswali mawili mazuri kuhusu Didake, na binti akaandika jina la kitabu kwenye simu yake.

Mama alikuwa bado ameshika pembe ya cheti upepo usikipeperushe. Hakuuliza habari ya Wagiriki. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo siku hizi, akaniomba nimsomee ulipoandikwa mstari wa msimamizi. Wino ulikuwa umefifia, ikanibidi nikigeuzie mwanga. Nikamsomea jina. "Dada yangu huyo," akasema, "tulimzika mwaka juzi." Akakikunja kwa mikunjo ile ile ya zamani, akakirudisha kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo.